Chelo ya Kanisa na Sheria ya Sufuria

Chelo niliyoanza nayo kazi haikuwa yangu. Ilikuwa ya kanisa, na kanisani kwetu Kitengela kitu chochote kilichotoka nje ya geti kilifuata sheria moja tu, sheria ya sufuria.

Nieleze. Kanisa lilikuwa na sufuria kubwa za kupikia umati, sahani za bati, hema moja na viti vya plastiki. Ukiwa na harusi au msiba, unaomba na unapewa. Lakini sufuria haziendi peke yake. Zinaenda na mtunza vyombo. Huyu ni mama aliyechaguliwa na akina mama wenzake; anapanda na sufuria kwenye pikapu, anakaa nazo jikoni kwako, anakula hapo hapo huku akiziangalia, na anarudi nazo zikiwa safi kabla ya ibada ya Jumapili. Sheria hiyo ilitungwa baada ya sufuria moja kwenda matangani Isinya ikarudi na kifuniko kisicho chake. Kanisa lingine lingenunua kifuniko. Letu lilitunga sheria.

Chelo yenyewe iliachwa na familia ya wageni. Mume alikuwa akichimba visima vya maji huku kwetu, na mke alikuwa mpigaji wa ala hiyo, fidla kubwa inayosimama sakafuni na kushikwa katikati ya magoti. Kila Jumamosi alinifundisha katika chumba kidogo nyuma ya mimbari. Nilikuwa shule ya upili, mwembamba, mwenye mdomo, na si mapenzi ya muziki yaliyonipeleka kwake. Nilikuwa nakwepa kuchota maji. Lakini siku ya kwanza aliponipa upinde nikavuta uzi ule mzito, sauti ilipita magotini ikapanda hadi kifuani, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na la kusema. Walipohama, alikabidhi chelo mbele ya waumini wote ili imsifu Mungu mahali hapa. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Hakujua kwamba kwa kusema "mahali hapa" alikuwa ananifunga mguu.

Chelo ikapewa nafasi stoo, kati ya hema na sufuria. Mimi nikamaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya kufunga maua katika shamba moja la waridi upande wa Isinya. Mama yangu alifurahi kupita kiasi. Tulikuwa tumetoka Machakos nikiwa mdogo kwa sababu ya kazi ya baba kiwandani, tukanunua kiploti wakati nyumbu bado wanakatiza kati ya nyumba kila kiangazi, na kwa mama, binti mwenye kazi ya kudumu na gumbuti zake mwenyewe alikuwa jibu la maombi. Sikuidharau kazi ile. Ila kila jioni nilirudi na vidole vilivyochomwa na miiba, na vidole hivyo hivyo ndivyo nilivyohitaji kubonyezea nyuzi. Nilijua moja kati ya kazi hizo mbili itaila nyingine. Nilitaka chelo ishinde. Sikutaka kitu kingine chochote kama nilivyotaka hilo, na chelo haikuwa yangu, na katika watu wote niliowajua hakuna aliyekuwa na nyingine.

Mara ya kwanza ilipotoka nje ya geti ilikuwa ni harusi ya binti wa muumini mmoja, kule Ngong. Tulikuwa katikati ya miaka ya tisini. Wazee wa kanisa walikaa kutafuta sheria ya chelo, wakaikosa, wakachukua ya sufuria. Kwa hiyo Mama Vyombo, kama kanisa zima lilivyomwita mtunza vyombo wetu, akapanda nayo pikapu, akailaza juu ya godoro na kuishika shingo njia nzima. Alikuwa mjane, mfupi, mnene, Mkamba kama sisi, mfugaji wa kuku, na funguo za stoo zilining'inia kifuani pake kwa kamba ya mkonge. Watu wasiotujua walidhani amekuja kunichunga mimi. Wapi! Mimi ningepotelea Ngong asingejua mpaka Jumatatu. Alikuja kuchunga chelo.

Nilipiga nyimbo mbili za kitabuni wakati maharusi wanaingia, watu wakala, nikaanza kufunga. Akanijia kijana mmoja wa pale Ngong, mpiga gitaa, ambaye wazazi wake waliuza mahindi na maharagwe sokoni.

"Wewe, hiyo kitu unaweza cheza bila karatasi?"

"Wimbo gani?"

"Hakuna wimbo. Anza tu, mimi nitakufuata."

Sikuelewa mtu anaanzaje wimbo ambao haupo. Nikaanza pambio la kanisani kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Alinifuata kidogo, halafu akaushika mstari wa tatu, akaupinda, ukawa unakwenda kama rumba, na rafiki yake akaingia na ngoma. Nikasimamisha upinde.

"Mbona umesimama? Ndio tulikuwa tunafika," akasema, na akacheka.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Kile kicheko kiliniuma, nikavuta upinde kwa nguvu ili nimwonyeshe, na ikatoka sauti ambayo hakuna aliyenifundisha, pana na yenye mikwaruzo. Gitaa likaijibu. Nikajibu jibu lake. Tulipomaliza bibi harusi alikuwa amevua viatu anacheza. Mama Vyombo alikuwa ameketi kando ya kasha la chelo akisuka kiondo. Aliniuliza tu kama sasa tunaweza kwenda, maana sufuria zimekauka.

Tukawa kikundi cha watatu, mimi, gitaa na ngoma. Hatukuwa na nyimbo za kukariri. Mmoja alianza na kile alichoamka nacho siku hiyo, kipande cha benga, wimbo wa kumbembeleza mtoto, hata mlio wa posho mill ya jirani, ile mashine ya kusaga unga, na wengine wakasikiliza mpaka wajue pa kuingilia. Ukikosea, unalirudia kosa mara ya pili kwa makusudi, nalo linakuwa sehemu ya muziki. Hiyo ndiyo kanuni pekee tuliyokuwa nayo, na kwa mtu aliyelelewa kwenye kanisa lenye sheria ya vifuniko, ilinilevya.

Tuliitwa huku na huku siku za Jumamosi. Sherehe za watu wenye nyua kubwa Laiser Hill, kumbi za shule, bustani za hoteli Nairobi, baa moja ya Athi River yenye jukwaa la mbao. Popote tulipokwenda, Mama Vyombo alikuwepo na kiondo chake. Kwenye ile baa aliketi meza ya mbele kabisa, akamwita mhudumu, akamwambia, "Leta soda. Na uilete ikiwa na kifuniko. Nataka kuiona ikifunguliwa." Mpiga ngoma alicheka mpaka akaangusha fimbo. Tuliyoyacheza hapo hakuyapongeza wala kuyakemea. Alisubiri tumalize, akaikagua chelo mbele na nyuma, akaniambia tuondoke.

Siku moja niliipindua ili niifute vumbi nikakuta alama ya rangi nyekundu huko chini, karibu na ule mguu wa chuma. Sufuria zote za kanisa zilikuwa na alama ile ile. Nilipiga mayowe.

"Ni ndio isibadilishwe na ingine," akasema, bila hata kuinua macho kutoka kwenye kiondo.

"Ingine gani, mama? Kajiado yote iko na moja!"

"Ndio maana."

Ungefanya nini na mtu kama huyo? Nilinuna wiki nzima. Nilipochoka kununa, Jumamosi ilikuwa imefika na alikuwa ananingoja getini.

Kisha ikaja siku ya Kajiado. Shule moja ilikuwa inafungua ukumbi wake mpya na walimu wakatualika. Upepo ulikuwa wa kufukuza mbuzi, vumbi jeupe likiingia hadi kwenye chai. Kabla yetu waliimba akina mama wa Kimaasai, wazazi wa wanafunzi, wamejipanga na shanga zao shingoni. Wao hawatumii ala yoyote. Mmoja anaongoza na wengine wanamwitikia kwa sauti nzito ya kifuani, na mabega yanakwenda nayo. Mmoja wao alikuwa amenisalimu mlangoni, "Takwenya," nami nikamwitikia "Iko," kama tunavyojua sote tuliokulia Kitengela. Waliketi, watu wakapiga makofi, na mwalimu akatuita sisi.

Nikakaa, nikakaza upinde, nikavuta. Kimya. Nikavuta tena. Upinde ulikuwa unateleza juu ya nyuzi kama kidole kwenye sabuni.

Lazima niseme jambo kuhusu upinde. Una nywele za mkia wa farasi, na nywele hizo huwa unazipaka ulimbo mkavu ili ziukwaruze uzi na uzi ulie. Ulimbo huo huacha unga mweupe kwenye upinde na kwenye mbao. Bila ulimbo hakuna sauti, hata uwe fundi namna gani. Nikaunusa upinde. Ulinukia mafuta ya kupikia.

Nikageuka. Mama Vyombo alikuwa palepale kando, ameketi kwa amani yake.

"Mama, umefanya nini hapa?"

"Nimeiosha. Ulikuwa umeenda kunywa chai. Ilikuwa na unga-unga mahali pote. Ati turudishe chombo ya kanisa ikiwa chafu?"

"Na mafuta?"

"Si ni ndio isikauke? Hata karai ya chapati ukishaosha, unapaka."

Ukumbi mzima ulikuwa unaniangalia. Nilisikia machozi ya hasira yakipanda, na maneno yalikuwa tayari mdomoni, maneno ambayo mtu hamwambii mama wa rika lile. Mpiga gitaa akaniinamia.

"Manze, anza tu."

"Na nini?"

"Si uko na vidole?"

Nikauweka upinde chini. Nikaanza kudonoa uzi ule mzito kwa kidole gumba, nota nne, nikazirudia, kisha nikapiga ubavu wa chelo kwa kiganja. Mbao zikajibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Nikazirudia nota zangu nne kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya, na nilipoacha nafasi baada yake, nafasi hiyo ikajazwa. Ilikuwa sauti kutoka viti vya mbele. Mmoja wa wale akina mama alikuwa ameitikia. Kwao mtu akianzisha hawamwachi peke yake. Walisikia mwito, wakaitikia, bila kuulizwa na bila kusimama. Nikatoa nota nyingine, zikaitikiwa na wote. Mpiga gitaa akaondoa mikono kwenye gitaa lake, akasikiliza tu. Mpiga ngoma alifuata kwa mbali, kwa ncha za vidole. Akina mama wakasimama, na mabega yakaanza. Mimi nikawa naongoza watu ambao hata lugha yao siijui zaidi ya salamu, na kila nilipodhani nimefika mwisho walinipa mahali pengine pa kwenda. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Baadaye, watu wakila, alinifuata mwanamke mmoja aliyekuwa amekuja kumtembelea dada yake, mwalimu wa pale. Alikuwa anaandaa maonyesho ya muziki Tanzania. Alitaka kikundi chetu kizunguke naye Arusha, Moshi, Tanga na Dar es Salaam, miezi mitatu, tukikutana na waimbaji wa kila mahali na kucheza nao kama nilivyocheza na wale akina mama. "Lakini ni wewe na hiyo chelo," akasema. "Bila hiyo, hakuna safari."

Tuliporudi, Mama Vyombo alikuwa ameridhika kabisa. "Umeona?" akaniambia. "Ilikuwa inataka tu kuoshwa."

Ilinichukua siku kadhaa za maji ya moto, sabuni na spiriti kuyatoa mafuta yale. Alikuja kunitazama nikipaka ulimbo upya, akatikisa kichwa. "Haya, rudisha uchafu."

Wazee wa kanisa walinisikiliza Jumapili baada ya ibada. Mwenyekiti wao alikuwa mwalimu mstaafu kutoka upande wa Kiambu, mwenye ploti nyingi kuliko watoto. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na huyo ni mgumu zaidi. Mama Vyombo alikuwepo, na akina mama wawili wawakilishi. Nikaeleza habari ya safari. Nilizungumza haraka mno, nikasikia sauti yangu ikipanda.

"Miezi mitatu," akasema mwenyekiti. "Na kuvuka boda. Na ni nani ataandamana nayo?"

Wote wakamwangalia Mama Vyombo.

"Mimi siwezi," akasema. "Niko na kuku, niko na wajukuu, na magoti yamekataa."

"Basi," akasema mwenyekiti, kwa upole kabisa. "Tumejaribu."

Niliiona meza ndefu ya kufungia waridi, na mimi mbele yake nikiwa na miaka kama ya Mama Vyombo, bado nafunga. Sikulia. Nilikuwa na hasira kiasi cha kutoweza kulia.

Lakini mwenyekiti, mtu wa utaratibu, hakuweza kufunga kikao bila ripoti. Akamwomba mtunza vyombo aeleze chelo imekuwa ikienda wapi. Mama Vyombo akasimama. Nikaomba kimoyomoyo asahau mahali pamoja. Huyu mama hakuwa amewahi kusahau hata kijiko. Akataja Ngong, Laiser Hill, hoteli, shule, Kajiado.

"Na baa ya Athi River."

"Baa?"

"Baa. Nilikuwa hapo. Nilikunywa soda."

"Na ilicheza nyimbo gani huko baani?"

"Haina nyimbo. Anaanza tu vile moyo unamwambia, na wenzake wanafuata."

"Bila kitabu? Bila kujua anaenda wapi?"

"Mwalimu," akasema Mama Vyombo, "wewe ukisimama hapo mbele kuomba, huwa unasoma kitabu?"

Mtu wa nje hawezi kujua uzito wa swali hilo. Kanisa letu lilijivunia jambo moja kuliko mengine yote, kwamba sisi hatusomi maombi. Wanaosoma tuliwahurumia. Kwetu mtu anasimama, anafumba macho, anaanza, na maneno yanamjia. Tena maombi ya mwenyekiti ndiyo yaliyosifika kuliko ya wote. Urefu wake uliwahi kuunguza wali wa harusi mbili.

"Hiyo ni tofauti," akasema.

"Tofauti ni gani?"

Akafikiri. Nampa heshima yake, alifikiri kweli. Kisha akasema, "Hata kama. Sheria tuliiweka wenyewe. Chombo hakitoki bila mtunza vyombo."

"Hapo umesema ukweli," akajibu Mama Vyombo. Akainamisha kichwa, akaivua ile kamba ya mkonge shingoni, akaziweka funguo mezani mbele yangu. "Basi mtunza vyombo awe huyu."

"Huyu ni msichana!"

"Sheria inasema mtunza vyombo. Haisemi miaka. Ama inasema?"

Haikusema. Mwenyekiti akawageukia wale wawakilishi, na wao, ambao hakuna aliyewahi kuwaona wakimpinga Mama Vyombo, wakakubali kwa vichwa. Nikabaki nimezikodolea macho funguo. Nilikuwa nimekuja kuomba chelo nikapewa na sufuria. Ugali wangu wenyewe ulikuwa na madonge. "Na mtu akifiwa nikiwa Tanga?" nikauliza.

"Nitakusaidia," akasema, akaketi.

Nilirudi nyumbani nikirukaruka kwenye tope. Nilimwambia mama yangu, tukabishana kuhusu kazi ya maua, akalia, akaninunulia sweta la safari. Furaha ilinijaa kiasi kwamba sikufikiria kitu kingine mpaka Jumapili ya mwisho kabla ya kuondoka.

Kanisani, mtunza vyombo alikuwa na mahali pake. Benchi la kwanza upande wa akina mama, pamoja na wake za wazee. Mama Vyombo alikaa hapo tangu mume wake afariki, na ndipo watu walipompitia kumshika mkono, kumwomba hema, kumwuliza maoni. Jumapili hiyo niliingia nikaona pengo kwenye benchi. Nikamtafuta. Alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, katikati ya akina mama wenye watoto wa kunyonya, amejibana kwa sababu nafasi haikutosha.

Nikamwendea. "Mama, rudi mbele. Tafadhali."

"Ile ni ya mtunza vyombo," akasema. "Enda ukakae. Ibada inaanza."

Ilinibidi nikakae. Wake za wazee walinisogelea kwa adabu na hakuna aliyenisemesha. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nimedhani ameachia kazi, kitu cha kuchosha magoti. Kumbe alikuwa ameachia kile ambacho mjane alikuwa nacho kanisani, kukaa mahali ambapo watu wanakuona. Alikuwa amekitoa mbele ya watu wazima kwa sauti ile ile anayoagizia soda, na mimi nilikuwa nimerukaruka kwenye tope. Nilimpenda sana asubuhi hiyo, na sikuwa na namna ya kumwambia kwa sababu kwaya ilikuwa imeanza.

Safari ilikuwa kila nilichokitamani na mengine zaidi. Arusha tulicheza uani kwa mtu, kuku wakipita. Moshi nilikutana na mzee wa tarumbeta aliyenifundisha kunyamaza, jambo ambalo walimu wote kabla yake walishindwa. Tanga mvua iliondoa umeme, tukaendelea gizani na hakuna aliyetoka. Nilijifunza kwamba ukifika mji usioujua, watu wanakujulisha wao ni nani ukiwaachia nafasi baada ya nota zako. Miaka iliyofuata nilikwenda mbali zaidi, nikapata chelo yangu mwenyewe, nikaishi kwa muziki huo huo wa kuanza bila kujua mwisho. Maua sikurudi kuyafunga.

Lakini nataka kueleza asubuhi niliyorudi kutoka safari hiyo ya kwanza. Nilikuwa bado na vumbi la mpakani Namanga kwenye nywele. Mama yangu alikuwa anachemsha chai. Mlango ukabishwa, na alikuwa Mama Vyombo, amevaa nguo za Jumapili na kitambaa cheupe kichwani, na ilikuwa siku ya Jumanne.

Nikamkimbilia. Akaninyooshea mkono badala ya kunikumbatia. Nikamvutia kiti. Akakataa kukaa. Alisimama katikati ya sebule yetu, mikono ameikunja mbele, kama nilivyomwona akisimama mbele ya wazee.

"Mtunza vyombo," akasema, "nimeleta ripoti."

Mama yangu akaweka birika chini.

Akatoa ripoti. Sufuria zimekwenda harusi Isinya zikarudi. Zimekwenda msiba nyumba ya jirani yetu zikarudi. Hema limechanika upande mmoja na upepo, limeshonwa, mshono unaonekana lakini hauvuji. Mwiko mkubwa umevunjika jikoni kwa watu, wenyewe wamechonga mwingine, ni mzuri kuliko wa kwanza. Vifuniko vyote ni vyenyewe. Alipika, aliosha, alipanda pikapu na kurudi miezi yote mitatu, na kila mahali, nilikuja kusikia baadaye, alipoulizwa yeye ni nani sasa, alisema ametumwa na mtunza vyombo ambaye yuko safarini.

Alimaliza. Mimi nilikuwa bado nimeshika mgongo wa kile kiti.

"Mama, kaa, nakuomba."

"Bado," akasema. "Mtu akitoa ripoti anajibiwa. Hujui? Unasema, 'Tumepokea.' Ndio nikae. Na usikawie, magoti yananiuma."

"Tumepokea," nikasema. Ilitoka kwa shida.

Ndipo akakaa. Akapokea chai, akapuliza, akaivuta miguu chini ya kiti, akanitazama kwa muda kama mtu anayekagua kitu kilichorudi.

"Haya," akasema. "Sasa na wewe toa yako. Ilicheza wapi?"

Nikasimama katikati ya sebule, nikakunja mikono mbele, nikaanza na Namanga. Nilimweleza kila mahali bila kuruka, na baa zote nikazitaja.